Baiskeli Marche, Italia: fuata barabara ambazo magari yameziacha

Wapenda baiskeli wengi wakisikia Italia hutaja Toscana, na wenye miguu ya chuma hutaja Dolomiti. Sina ugomvi na sehemu hizo. Lakini mtu anayetaka kupiga pedeli kwa muda wa saa nne au tano bila kupigiwa honi, kisha jioni akaoge baharini, mimi humwambia aende Marche. Ni mkoa wa upande wa mashariki, katikati ya milima ya Apennini na bahari ya Adriatiki. Naupenda mkoa huu, na kila ninayemjua anayepanga kwenda, mimi humwomba anisikilize kwanza kuhusu jambo moja kabla hajachora njia yake.

Jambo lenyewe liko kwenye ramani. Mito ya Marche, yaani Metauro, Cesano, Misa, Esino, Musone, Potenza, Chienti na mingine hadi Tronto kule kusini, hutoka milimani na kuteremka baharini karibu sambamba. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa vilima. Bondeni ndiko zilikopitishwa barabara kubwa, ndiko viliko viwanda na maghala, na ndiko yanakopita malori. Miji ya zamani yenye kuta iko juu, na barabara nyembamba inayotoka mji mmoja hadi mwingine nayo iko huko huko juu. Ukiiuliza simu njia fupi, itakushusha bondeni, kwa sababu bondeni ni tambarare. Usiifuate. Panda mgongoni, na ukifika juu jitahidi ubaki juu.

Kwa hiyo mimi huanza na swali hili: hapa mwenye haraka anapita wapi? Nikishaijua barabara yake, natafuta ile nyingine. Pale ambapo serikali imejenga barabara mpya ya kasi, ya zamani hubaki na trekta, wazee wachache kwenye vigari vyao, na sisi. Bonde la Chienti lina barabara ya njia nne toka Civitanova hadi Foligno, na madereva wa masafa wanaipenda. Waachie. Wewe shika barabara zenye herufi SP, ambazo ni za wilaya, na uzikwepe zenye SS, yaani barabara kuu za taifa, kadiri unavyoweza, hasa SS16 inayofuata pwani. Hiyo ya pwani simshauri mtu yeyote, hata kwa kilometa tano.

Mfano mzuri kuliko yote ni Furlo. Ni korongo kati ya milima miwili, Pietralata na Paganuccio, karibu na Acqualagna. Warumi walipitisha hapo barabara yao ya Flaminia, na mwaka 76, enzi za mfalme Vespasiano, wakatoboa mwamba ili ipite. Siku hizi magari yanayokwenda mbali yana handaki lao jipya ndani ya mlima. Barabara ya zamani imebaki pembeni ya mto Candigliano, maji yake ya kijani yametulia kwa sababu ya bwawa lililo mbele, na kuta za mawe zimesimama pande zote mbili. Shuka kwenye baiskeli unapofika kwenye tundu la Warumi. Lina urefu wa mita 38 hivi, na ukipitisha kiganja ukutani utazihisi alama za patasi, mstari baada ya mstari, kama zilivyoachwa na waliochonga. Angalia juu pia, kwa sababu tai wakubwa wa milimani wana viota vyao humo. Ila ulizia kabla ya kwenda, maana mawe yakiporomoka barabara hufungwa.

Kwa upande wa pwani, anzia Pesaro. Mji huu umejenga njia za baiskeli zilizopewa rangi na namba kama reli za mjini, zinaitwa Bicipolitana, na moja inakwenda Fano kandokando ya bahari bila kilima hata kimoja. Hiyo ni ya kunyooshea miguu siku ya kwanza. Siku ya pili panda San Bartolo, kilima kilichosimama kati ya Pesaro na Gabicce Mare. Reli, barabara kuu na ile ya kulipia zote zinapita nyuma yake, kwa hiyo barabara ya juu, kilometa 20 na kitu, inajipinda peke yake katikati ya mashamba na maua ya manjano, bahari ikiwa chini kabisa upande mmoja. Utapita vijiji vya Fiorenzuola di Focara na Casteldimezzo. Si mlima wa kutisha, ila haukupi nafasi ya kupumzika: unapanda, unashuka, unapanda tena. Nenda asubuhi mapema, na ukiweza iwe siku ya kazi. Mwisho wa wiki wenye pikipiki wanaipenda barabara hiyo kama sisi tunavyoipenda, na eneo hili lina historia ndefu ya pikipiki.

Sasa tuzungumze bei ya huo utulivu, maana unalipiwa kwa miguu. Mizunguko ya kilometa 70 katika vilima vya Macerata inaweza kukupandisha mita 1,200 au zaidi, na huoni mlima wowote mkubwa. Ni vilima vifupi vinavyofuatana. Barabara ya kuingia mjini mara nyingi ndiyo kali kuliko zote, mwinuko wa asilimia 12, 15, mahali pengine zaidi, kwa sababu miji ilijengwa juu ili adui achoke kabla hajafika langoni. Mashindano ya Tirreno-Adriatico hupitishwa kwenye vipandio hivi, na mabingwa wenyewe huonekana wakiyumba. Kwa hiyo usione haya kuweka gia nyepesi. Gia kubwa ya nyuma iwe na meno 32 au 34. Tairi ya milimita 28 ni ya chini kabisa kwa maoni yangu, na 32 ni bora, kwa sababu lami ya wilaya ina nyufa na mashimo, na kona nyingine unaikuta imegeuka changarawe.

Miji ambayo ningekuambia uipange kwenye mzunguko wako ni Cingoli, iliyoko mita 631 juu ya bahari, na siku ya anga safi unaiona Adriatiki kutoka ukingoni; kisha Treia, Recanati, na Filottrano.

Filottrano ni lazima niisemee. Ni mji wa mwendesha baiskeli Michele Scarponi, aliyepewa ushindi wa Giro d'Italia ya 2011, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka Italia. Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 2017 alikuwa mazoezini, akagongwa na gari la mizigo hapo hapo mjini kwao, akafariki. Watu wake wameanzisha taasisi yenye jina lake inayopigania usalama wa barabarani. Naomba kila anayepita huko alikumbuke hilo, kwa sababu barabara ikiwa kimya dereva naye anajisahau, anadhani yuko peke yake. Vaa kofia ngumu hata kama sheria haimlazimishi mtu mzima. Washa taa ya nyuma hata mchana. Nje ya mji mwende mmoja nyuma ya mwenzake, ndivyo sheria inavyotaka. Fulana inayoakisi mwanga ni lazima ndani ya mahandaki, na pia nje ya miji kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama. Tangu Desemba 2024 dereva anayekupita anatakiwa akuachie angalau mita 1.5 pale barabara inaporuhusu. Wengi wanafanya hivyo, lakini usiitegemee sheria mahali ambapo masikio yako yanaweza kukusaidia. Simu ya muziki iache mfukoni.

Maji si tatizo. Karibu kila mji una bomba la hadharani, mara nyingi kwenye uwanja au karibu na makaburi. Likiandikwa "non potabile" usinywe. Chakula ndicho kinachohitaji akili, kwa sababu maduka ya miji midogo hufungwa saa saba mchana na kufunguliwa saa kumi au zaidi. Nunua kabla. Ukipata crescia ya Urbino, ule: ni mkate wa matabaka uliochomwa, ukiutafuna utaikumbuka chapati ya kusukuma nyumbani. Ndugu zangu Waislamu wajue kwamba kwa desturi hutiwa mafuta ya nguruwe, yanayoitwa strutto, na hujazwa nyama ya nguruwe pia, basi ulizeni kabla ya kuagiza. Jibini na mboga za majani zipo kila mahali.

Usafiri ni treni. Reli ya Adriatiki inafuata pwani yote, na treni za mikoa zenye alama ya baiskeli zinakubali upande nayo kwa tiketi ya ziada ya euro chache. Treni za kasi hazikubali mpaka uifungue na kuiweka ndani ya mfuko. Hii inamaanisha unaweza kushuka kituo kimoja, ukapanda vilima, ukateremka kituo kingine, na usirudie barabara hata moja. Ukiwa na siku za ziada, endelea na treni kusini hadi Ortona, mkoa wa Abruzzo. Mwaka 2005 reli ilihamishwa ndani zaidi, na pale ilipopita zamani, ukingoni mwa bahari, pamegeuzwa njia ya baiskeli hadi Vasto, kilometa 40 hivi, ikipita kwenye mahandaki na mbele ya trabocchi, vile vibanda vya mbao vya wavuvi vilivyosimama juu ya maji. Hata mtoto anaiweza. Agosti inajaa watu, kwa hiyo nenda Mei au Septemba, miezi ambayo ni mizuri Marche nako, kwani Julai joto la mchana mgongoni halina kivuli, na upepo wa garbino ukivuma kutoka milimani unakausha koo.

Kama baiskeli ni ya kukodi, ijaribu mahali tambarare kwanza. Nyingi za huko zina breki ya mbele mkono wa kushoto, na hilo ulijue kabla hujaanza kuteremka kutoka Cingoli.