Nyuzi za spindeli hazijui njia, zinapapasa: jibu kwa dogo wa kidato cha sita

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuona tangu asubuhi nikiwa kazini. Mleta uzi anasema mdogo wake yuko kidato cha sita, PCB, kamuuliza swali likamshinda: seli ya kutengeneza yai au mbegu ya kiume inapogawanyika, zile nyuzi za spindeli (mtandao wa nyuzi unaovuta kromosomu, vile vifurushi vya DNA, wakati wa mgawanyiko) zinajuaje kwamba kromosomu hii iende kushoto na mwenzake kulia? Mdau mmoja kamjibu, "Sentrioli ndizo zinazovuta, akremu hivyo hivyo, maksi zake atapata."

Maksi atapata, sibishi (sentrioli ni vile vijiti vidogo kwenye ncha mbili za spindeli). Ila mimi nafundisha baiolojia hapa Tabora mwaka wa kumi na nne huu, na miaka sita ya mwanzo nilifundisha hivyo hivyo. Siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, juzi ulisema yai la binadamu halina sentrioli. Sasa humo nani anavuta?" Nikamwambia tutaendelea kesho. Kesho yake nikaingia na mada nyingine kabisa. Aibu yake bado ninayo, ndiyo maana naandika kirefu.

Jibu fupi: hazijui kitu. Zinapapasa.

Uzi mmoja (wa spindeli, si huu wa jukwaani) ni bomba lenye upana wa nanomita 25, limejengwa kwa vipande vya protini iitwayo tyubulini. Ukiyapanga mabomba hayo bega kwa bega kukatiza unywele mmoja, yataenea kama elfu tatu. Mchoro wa kitabuni unayaonyesha yametulia kama waya za umeme. Hayatulii. Bomba linarefuka, ghafla linabomoka kuanzia nchani, halafu linaota tena kuelekea kwingine. Mitchison na Kirschner walilieleza hilo mwaka 1984. Ni sawa na wewe umeme ukikatika usiku unatafuta kitasa cha mlango: unapapasa ukuta mpaka mkono uguse. Kitasa cha kromosomu kinaitwa kinetokora, rundo la protini lililokaa pale kiunoni, kwenye sentromea.

Kugusa ni rahisi, shida ni kushika vizuri. Katika mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi (ndio huo mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu, nao una hatua mbili), kromosomu ya baba na ya mama zimeungana jozi, na inatakiwa kila moja ishikwe na nyuzi za upande wake. Mwanzoni mara nyingi zote mbili zinashikwa na upande mmoja. Nani analiona kosa hilo?

Hapa ndipo panzi anaingia, na ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa. Kule Marekani kulikuwa na mtafiti, Bruce Nicklas, aliyekuwa akichukua seli hai kutoka kwenye korodani za panzi na kuzisukasuka kromosomu kwa sindano nyembamba mno ya kioo, huku akitazama kwenye hadubini. Mwaka 1969, yeye na mwenzake Koch walichukua jozi iliyoshikwa vibaya, zote upande mmoja. Ikiachwa, nyuzi zake huachia zenyewe na kujaribu upya. Lakini walipoivuta kwa sindano kuelekea upande wa pili, nyuzi hazikuachia. Jozi ikaendelea kushikwa vilevile vibaya, muda wote sindano ikiwa imekaza.

Umeona mchezo? Seli haikagui kama umeshika sahihi, inapima kama pamekaza. Nenda kamtazame mtu anayefunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli. Akivuta kamba na kule nyuma haijafungwa, yote inamfuata mkononi, anajua aanze upya. Ikigoma, basi imeshika. Hahitaji kuinama kutazama. Kazi hiyo ndani ya seli inafanywa na protini kama Aurora B, iliyokaa jirani na kinetokora. Palipolegea inabandua nyuzi. Pakikaza, kinetokora inavutwa mbali nayo, haiwezi kuifikia tena, mshiko unabaki.

Na kuna breki. Kinetokora ambayo haijashikwa vizuri hutoa ishara, Mad2 ikiwa mojawapo ya protini zake, na mgawanyiko unasubiri. Mwaka 1995 Nicklas na Li walihamia kwa vunjajungu, ambaye kromosomu X yake (ya jinsia) ikikosa kuungana na wenzake seli huchelewa kwa saa kadhaa. Wakaivuta ile X pweke kwa sindano. Breki ikaachia, seli ikagawanyika. Imedanganywa kwa kuvutwa tu!

Sasa ili pakaze, lazima kitu kiwe kinazuia jozi isiachane. Kwanza ni pale kromosomu mbili zilipobadilishana vipande. Pili ni gundi, protini inayoitwa kohesini, inayozibana kromatidi ndugu, yaani nakala mbili za kromosomu moja. Muda ukifika, kimeng'enya cha separesi kinaikata gundi ya kwenye mikono ya kromosomu, jozi zinaachana. Ile ya kiunoni haiguswi mpaka mgawanyiko wa pili, kwa sababu inalindwa na protini ambayo Wajapani walioieleza mwaka 2004 waliiita shugoshini, yaani roho mlinzi. Hili dogo alishike hasa, maana ndilo linalotenganisha mgawanyiko wa kwanza na wa pili, na maswali ya mtihani yanapenda kuzunguka hapo.

Nirudi kwa yule binti. Yai la binadamu kweli halina sentrioli, nyuzi zinaota kutokea palepale zilipo kromosomu. Watafiti waliochungulia mayai ya wanawake waliojitolea walieleza mwaka 2015 kwamba spindeli yake inachukua kama saa 16 kujengwa, na njiani inayumbayumba. Halafu kuna suala la umri. Yai linaanza meiosisi msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake, linasimama, linasubiri hadi siku ya kupevuka, miaka 15 au hata 40 baadaye. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba gundi ya kohesini haiwekwi upya katika muda huo wote. Inachakaa, jozi zinalegea, na papasa-papasa inakosa cha kukaza.

Dada yangu alijifungua akiwa na miaka 41, mtoto ana hali ya Down, kromosomu ya 21 zipo tatu badala ya mbili. Ukoo wa mumewe walizungumza maneno ya mikosi ambayo sitayarudia hapa. Kwa mama wa miaka 25 hali hiyo humpata kama mtoto mmoja katika 1,250; kwa wa miaka 40 ni mmoja katika 100. Nilimchorea shemeji gundi ile kwenye mchanga kwa kijiti. Alisikiliza. Sina hakika kama mama yake alisikiliza.

Kwa kuwa tuko Tabora, nisiache nyuki. Mzee wangu alikuwa na mizinga ya magome upande wa Sikonge, na sikuwahi kujua kwamba yale madume tuliyoyaona mazembe hutoka kwenye mayai yasiyorutubishwa. Dume ana kromosomu 16 tu, hana jozi ya kutenganisha. Kwa hiyo mgawanyiko wake wa kwanza unakwama: seli inadondosha kijitone cha saitoplazimu kisicho na kiini, kromosomu zote zinabaki. Pasipo mwenza wa kuvutana naye, spindeli haina kazi.

Mkuu, dogo akitaka kujionea kromosomu hizi kwa hadubini, mwambie akamate panzi dume asubuhi kabla umande haujakauka, bado wazito. Dume ni mdogo, mkia wake umejikunja juu kama mtumbwi. Jike ana vimeno vya kuchimbia. Atoe korodani, zipo kwa juu tumboni, rangi ya manjano. Azilowanishe kwenye ethanoli sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja, apake asetokamini (rangi ya kukoleza kromosomu), afunike kioo na kukandamiza kwa kidole gumba juu ya karatasi laini bila kutelezesha. Mimi ya kwanza niliitelezesha, nikaona uji. Panzi wengi wa pembe fupi wana jozi 11 na X moja. Aitafute hiyo X: imekolea rangi kuliko nyingine, imekaa peke yake.