Siri ya Monica na Chandler: maswali yenu kuhusu Friends

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu sehemu ya 14 ya msimu wa 5 wa Friends, tamthilia ya vichekesho ya Marekani kuhusu marafiki sita, iliyorushwa huko Februari 11, 1999. Ndiyo ile ambayo Phoebe, mmoja wa marafiki hao, anagundua kwamba wenzake Monica na Chandler ni wapenzi kwa siri.

Watu wanadanganyana mwanzo mwisho. Kwa nini hatuwachukii?

Kwa sababu kila mmoja anadanganya akiwa na kitu anachokilinda. Phoebe anawaona wawili hao akiwa dirishani, kwenye nyumba ya jirani wa ng'ambo, yule anayekaa uchi, ambayo Ross, kaka yake Monica, anataka kuipanga. Angeweza kuwauliza tu. Badala yake, yeye na rafiki yao Rachel wanatega: Phoebe ajifanye anamtaka Chandler. Monica anaung'amua mtego, anamwambia Chandler ajifanye amenasa. Hapo sasa ni kushindana nani atasalimu amri. Phoebe na Chandler wanasogeleana, mikono haijui pa kushika, wanabusiana huku kila mmoja akiomba mwenzake ashindwe kwanza.

Anayeshindwa ni Chandler, na anashindwa kwa kusema ukweli: hawezi, anampenda Monica. Neno hilo lilikuwa limeshamponyoka siku ya Sikukuu ya Shukrani, akalikana papo hapo. Safari hii halirudishi. Monica anatoka bafuni alikojificha, naye anamjibu kuwa anampenda. Phoebe, aliyedhani wanajiburudisha tu, anabaki ameduwaa kwa furaha. Nimeitazama mara nyingi mno, na bado koo hunikaba hapo. Mzaha ule ule uliotuchekesha ndio uliomsukuma ukutani mpaka akasema.

Mbona Joey ana hasira hivyo?

Amechoka, jamani. Rafiki huyu wa sita aliijua siri tangu sehemu ya 5, na kila walipokaribia kufumaniwa, aibu alibebeshwa yeye. Kwangu huyu ndiye moyo wa urafiki wao: anawasihi waseme, lakini hawauzi. Siri inapofichuka anadhani ametua mzigo, kumbe Ross bado hajui.

Kisa cha Ross kuvua nguo ili apewe nyumba si cha kujaza muda tu?

Hapana. Bila nyumba ile, Ross asingesimama dirishani mwishoni, pembeni yake bosi wake aliyekuwa anaanza kuamini kuwa hasira za Ross zimepoa, akamwona Chandler, rafiki yake wa tangu chuoni, akiwa na Monica, dada yake.

Naandika vichekesho vya jukwaani. Wahusika wangu wakianza kupendana, watazamaji wanapoa. Nifanyeje?

Huenda unausimamisha mchezo ili wapendane. Usiusimamishe. Waache wabishane, wafichane, wategane, na mapenzi yapenye katikati ya purukushani hiyo. Likifika neno la kweli, lipe sentensi moja fupi isiyo na utani, kisha mlete mtu ambaye bado hajaambiwa.