Uliza Kuhusu Ngozi: Spiriti na kiboksi cha taa havitoshi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za usafi wa vifaa saluni, kwa iyo za chunusi na madoa naomba mnivumilie kidogo, zitapata zamu yake. Hizi haziwezi kusubiri.

*Shikamoo dada. Niko Houston nasomea fesho (kusafisha na kutunza ngozi ya uso), nimeshafika masaa 500 kati ya 750 yanayotakiwa hapa Texas. Nyumbani Dar nilifanya kazi saluni miaka minne, vifaa tulikua tunafuta na spiriti alafu tunaweka kwenye kile kiboksi cha taa ya bluu na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Huku mwalimu ananikata maksi kila siku anasema naruka hatua. Naruka hatua gani jamani?* — Mwanafunzi, Houston

Marahaba mdogo wangu. Unaruka ya kwanza, na ndo kubwa kuliko zote: kuosha.

Chukua kile kichuma cha kuminyia chunusi, chenye kitundu kwa mbele. Kifute na spiriti kama mlivyozoea, alafu kisogeze dirishani uangalie ukingo wa ndani wa kitundu. Mara nyingi utaona kautando kama nta, keupe kanaelekea unjano. Hayo ni mafuta ya ngozi ya mteja na seli zilizokufa, na pengine kuna damu kidogo sana ambayo hata yeye hakuisikia ikitoka. Dawa haipenyi hapo, inaua vya juu tu na vya chini vinabaki vimejifunika. Kwa iyo unaanza na maji ya vuguvugu, sabuni na brashi ndogo, unasugua mpaka ndani ya kitundu, unasuuza, unakausha (usidharau kukausha, maji yakibaki kwenye kifaa yanazimua dawa yako), ndo sasa unazamisha kwenye dawa. Na unazamisha chote pamoja na mpini, mana mpini ndo ulioushika kwa glavu zenye mafuta ya yule mteja.

Alafu kuna muda. Ile dawa ya bluu unayoiona kila saluni ya Marekani, Barbicide, ipo tangu 1947 na inataka dakika 10. Sio kuchovya na kutoa. Dawa yoyote utakayonunua ina muda wake umeandikwa kwenye lebo, na ukifuta kitanda au meza ile sehemu inatakiwa ibaki imelowa muda wote huo, ikikauka kabla ya muda unaanza upya. Spiriti shida yake ndo hiyo hiyo, inaruka hewani kabla haijamaliza kazi. Na dawa ya kwenye chombo inabadilishwa kila siku, au mapema zaidi ukiona imeingia ukungu au vitu vinaelea.

Kwenye mtihani shika hivi. Kusafisha ni kuondoa uchafu na kupunguza vijidudu. Kuua vijidudu kwa dawa kunamaliza bakteria, virusi na fangasi wengi kwenye vitu visivyonyonya maji, ila zile mbegu ngumu za bakteria zinaweza kubaki. Kutakasa kabisa kunamaliza kila kitu mpaka mbegu, na hiyo ni kazi ya otoklevu, mashine ya mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi chini ya presha. Kiboksi cha taa hakimo kwenye hayo matatu. Taa inafika pale inapomulika tu, upande wa chini wa kibanio haiuoni. Wekea vitu ambavyo tayari ni visafi, basi.

Kuhusu mteja kutolalamika, hapo nataka unisikilize vizuri kwa sababu na mimi nilikua nasema hivo hivo. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni. Mtu akivipata dalili zinakuja baada ya miezi miwili mpaka mitano, na wengi hawaoni dalili kabisa. Sasa huyo mteja atakukumbuka vipi wewe na fesho ya mwezi wa tatu? Hawezi. Ukimya wake usikupe moyo.

*Habari dadangu. Nlienda kutolewa nywele za kwapa kwa waksi, fundi akatumia kijiti kimoja toka mwanzo hadi mwisho, anapaka anarudisha kwenye chungu, anapaka anarudisha. Nikamuuliza akaniambia waksi ni moto inaua kila kitu. Ni kweli?* — Mteja, Mombasa

Nzuri dada, na sio kweli. Waksi inapashwa joto la kuvumilika kwenye ngozi yako, ingekua na moto wa kuua vijidudu ungetoka pale na malengelenge. Nimekutajia hapo juu nyuzi 121 na presha, kwapa la nani litastahimili hiyo?

Kile kijiti kikigusa ngozi kinabeba jasho, seli, vinyweleo, na nywele ikivutwa toka kwenye kishina mara nyingine katone ka damu kanatoka. Vyote vinarudi chunguni na chungu kinawasubiri watakaokuja baada yako, na wewe ulipokaa hukujua nani alitangulia. Kanuni ni mchovyo mmoja kijiti kimoja, kikigusa mtu kinaenda kwenye pipa. Mimi kwapa mbili zinanimalizia vijiti kumi na zaidi, nimeviweka kwenye bei. Chungu kilichochovywa hivo hakitengenezeki kwa kuchemsha tena, kinamwagwa chote kinaoshwa.

Siku nyingine kabla hujavua blauzi mwambie kwa upole, "dada naomba kijiti kipya kila ukichovya, nitaongeza pesa ya vijiti." Akikasirika vaa mtandio wako uende.

*Dada mambo. Juzi namtoa mteja vichunusi vyeupe kwa kisindano akatoka damu nyingi kidogo, nikafuta na tishu nikaendelea, jioni nikaona glavu yangu ilikua na tundu na kidole nina mkwaruzo. Sijalala vizuri tangu hapo.* — Fundi, Sinza

Pole sana mdogo wangu. Cha kwanza, usiposoma kingine chochote soma hiki: nenda hospitali leo, usingoje wikiendi. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya masaa 72 na kadri unavyowahi ndo bora. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, waulize na homa ya ini B. Hata kama 72 zimepita nenda, wakupime.

Siku nyingine damu ikitoka unasimama hapo hapo. Glavu ziwe mkononi, mteja unamkandamizia pamba safi mpaka damu ikatike, unapaka dawa ya kidonda, unafunika plasta, na ile sehemu huigusi tena siku hiyo. Pamba na tishu vinaingia mfuko ndani ya mfuko. Kisindano kinaingia kwenye chombo kigumu cha vitu vyenye ncha, usikifunike tena wala usikitupe kwenye pipa la kawaida, kuna mama wa usafi atakayeshika ule mfuko kesho na yeye ana watoto. Unavua glavu, unanawa kwa sabuni sekunde 20, unavaa mpya ndo unaosha kifaa na meza. Kama damu imedondoka sakafuni na ulichonacho ni jiki ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja ya jiki na sita za maji, uchanganye siku hiyo hiyo mana ya jana imeshapoteza nguvu. Vifaa vya chuma usiviache humo muda mrefu, vitaota kutu.

Na chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu ndani ya miezi sita. Watoto wetu walianza kuipata mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi tuliozaliwa kabla wengi hatuna. Huku Marekani mwajiri wa fundi anayeweza kugusa damu kazini analazimishwa na sheria ampe bure.

Sikutishi bure. Jimbo la New Mexico mwaka 2018 mama mmoja aligundulika na VVU na hakua na sababu nyingine zaidi ya fesho ya damu, ile ya kutolewa damu mkononi inazungushwa alafu inarudishwa usoni kwa visindano. Wakaguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina juu ya kaunta ya jiko na nyingine kwenye friji pamoja na chakula, na otoklevu hakuna. Taarifa iliyotoka 2024 inasema watu watano walikua na virusi vinavyofanana sana, wanne ni wateja wa sehemu ile. Mwenye biashara hakua na leseni ya kufanya vile.

*Dada, mteja anatumia vidonge vya chunusi vya isotretinoin, naweza kumfanyia waksi ya nyusi?* — Nairobi

Hapana, ngozi itatoka pamoja na nywele. Msubirishe miezi sita baada ya kuacha vidonge. Mwenye kidonda cha homa mdomoni, jicho jekundu au mashilingi usoni na yeye mrudishe nyumbani, atakuja akipona.

*Shikamoo. Bosi wangu anasema glavu ghali, tuzioshe na sabuni tutumie kwa wateja watatu. Nimwambieje?* — Msomaji, Kahama

Marahaba. Mwambie glavu ikioshwa inalegea na kupata vitundu usivyoviona, na dada wa Sinza hapo juu ni tundu moja tu lililomkosesha usingizi. Na hata mpya ukishaivaa ukashika uso wa mteja usifungue nayo droo wala kupokea simu, ile simu utakuja kuiweka shavuni. Kama kweli hela ndo tatizo pigeni hesabu pamoja, bei ya boksi gawanya kwa jozi 50, ongezeni hicho kiasi kwenye bei ya fesho. Akikataa hata hivo niandikie tena, nataka kujua alichosema.