Maswali ya Wasomaji: Mmeupanda Mti Kuanzia Kileleni

SWALI: Chama chetu cha kusoma kina watu 9. Tulichagua riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kurasa 15 kila wiki. Wiki ya tatu tulibaki watatu. Walioacha wanadai mwandishi anajionyesha tu. Wanamwonea?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Kabla ya kumlaumu mwandishi, ilaumuni ratiba yenu. Nagona (1990) haina mfululizo wa matukio wa kumvuta msomaji kutoka wiki hii hadi ijayo. Msimulizi hana jina na mahali hapamo kwenye ramani yoyote. Kinachoishikilia ni picha zinazorudi: njia, ukimya, ngoma. Ukisoma kurasa 15 kisha ukapumzika siku 7, picha hizo zimeshakutoka kichwani, na zinaporudi unaziona kama kitendawili kipya. Ndiyo maana watu hukata tamaa wiki ya tatu, si ya kwanza.

Kitabu chenyewe hakifiki kurasa 80. Kila mtu akisome chote kwa kikao kimoja, bila kalamu na bila kurudi nyuma hata pale anapopotea. Baada ya siku mbili akisome tena, safari hii na penseli: kila picha inaporudi atie alama, na pembeni aandike neno moja kuhusu kilichobadilika. Mkikutana, mwenyekiti asifungue kwa kuuliza “kinahusu nini?” Swali hilo litawamalizia saa nzima. Afungue kwa kuuliza ni picha gani kila mmoja aliitia alama mara nyingi zaidi. Hapo hata aliyeelewa nusu ana la kusema. Kisha someni Mzingile (1991) ya mwandishi huyohuyo mwezi huohuo, maana vitabu hivi viwili vinaangaziana.

Kuhusu kujionyesha: wanafalsafa wa Ulaya wanapojitokeza kitabuni, shutuma hiyo ina uzito kidogo. Kwingineko haina. Sentensi ni fupi na msamiati ni wa kawaida. Mtoto wa darasa la nane atajua karibu kila neno. Ugumu uko kati ya sentensi moja na inayofuata.

Tatizo lenu jingine ni kwamba mmeupanda mti kuanzia kileleni. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa hilihili letu, hakuanzia huko. Rosa Mistika (1971) ina familia, shule na kashfa, na Gamba la Nyoka (1979) ina vijiji vya ujamaa. Walioacha wapeni kwanza Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Humo maiti anafufuka, lakini mjukuu wake K ni mkubwa wa serikali mla rushwa, na mtu wa aina hiyo hahitaji kuelezwa kwa Mkenya. Halafu Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila. Nagona iwe ya tatu.

SWALI: Nimerudia riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei miaka kadhaa baada ya mtihani. Naona wahusika wanahutubu badala ya kuzungumza. Mke wangu anasema mimi ni mgumu wa kuridhika.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mnagawana ukweli. Jaribu hivi: chukua usemi mrefu, funika jina la msemaji, halafu uuweke kinywani mwa mhusika mwingine. Ukikaa vizuri, huo ni wa mwandishi, si wa mhusika. Mazungumzo ya Ridhaa na bintiye Tila kuhusu siasa na sheria yatakupa ushahidi wa kutosha. Lakini Ridhaa akisimama kwenye magofu ya nyumba yake, hakuna mwingine wa kuyawaza anayoyawaza. Kurasa hizo zina nguvu, na kwa msomaji wa Bonde la Ufa, Wahafidhina, nchi ya kubuni yenye ghasia za baada ya uchaguzi, haihitaji kutafsiriwa.

Sadfa ndiyo ingenikera zaidi. Umu kukutana na nduguye Dick, waliyepoteana, uwanja wa ndege kunatatua kwa dakika moja kilichojengwa kwa sura kadhaa. Sadfa ikileta balaa tunaimeza; ikileta nafuu tunadai risiti.

Na kumbuka ulivyokisoma mara ya kwanza. Mwongozo wa mtihani hukikata kitabu vipande vya maudhui, na jicho lililozoezwa hivyo huokota hotuba kwanza kwa sababu ndizo zenye alama. Kisome na mkeo, kila mmoja na nakala yake bila mwongozo, muone mtapishana ukurasa gani.

SWALI: Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ina Kiswahili cha pwani kinachonipiga chenga. Nirudi kwenye Kiingereza?
Mwalimu, Webuye

JIBU: La, mwalimu. Kamusi iweke mbali hadi mwisho wa sura. Sura ni 6 tu, na nusu ya maneno uliyoyapigia mstari yatakuwa yamejieleza. Paradise ilitoka 1994 ikiwa na maneno ya Kiswahili ndani ya Kiingereza, ikimwacha msomaji wa ng’ambo nje ya mlango. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) inamwingiza msomaji wetu sebuleni. Ukimaliza, linganisha sura moja tu na Kiingereza, ile ya safari ya bara.

Soma pia ukiwa na kisa cha Yusuf kando. Kijana anaitwa Yusuf, anatolewa kwa sababu ya deni la babake, na bwana wake ni Aziz, cheo cha yule mkubwa wa Misri katika Sura ya 12 ya Kurani. Anayekijua kisa hicho kwa Mwanzo 39 ya Biblia peke yake atakumbuka vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa, na atapitwa na jambo. Katika Kurani shati la Yusuf limepasuliwa kwa nyuma, na hiyo ndiyo hoja ya kwamba alikuwa akikimbia. Ukifika kwa bibi wa nyumba ile yenye bustani, tazama shati linapasuka upande gani.