Kwa mliojiunga na klabu juzi: kuingia pangoni wakati wa baridi na mvua

Wageni wa klabu za mapango huwa na maswali yaleyale mawili: giza likoje, na nikinasa kwenye tundu je? Giza linamalizwa na tochi. Kunasa kwa kweli ni nadra. Ukitulia, ukatoa pumzi yote na kurudi nyuma kidogo, mara nyingi mwili unapita. Mambo yanayostahili kukunyima usingizi, hasa safari ikiangukia majira ya baridi na mvua imeshinda wiki nzima, ni maji na baridi. Ajabu ni kwamba hayo ndiyo hayaulizwi.

Nianze na maji. Mapango mengi tunayoingia yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na maji hayo bado yako kazini. Kijito kinachokufika kwenye kifundo cha mguu asubuhi ndicho kilichofungua njia unayopita, na kikipata mvua ya kutosha kinaijaza hadi darini. Wakati wa kiangazi udongo mkavu hunywa sehemu ya mvua na mimea hunywa nyingine. Wakati wa baridi ardhi imeshalowa chapachapa, mimea imelala, na jua halina nguvu ya kukausha kitu. Mvua ambayo miezi mingine usingeijali inateremka karibu yote pangoni. Ongeza theluji mlimani: siku moja ya joto kidogo, bila hata tone la mvua, inaweza kuiyeyusha na kujaza vijito vyote vya chini.

Msije mkadhani miezi ya joto ndiyo salama. Vijana sita waliokufa kwa mafuriko katika pango la Mossdale, kaskazini mwa Uingereza, waliingia tarehe 24 Juni 1967. Wale watoto 12 na kocha wao walionaswa na maji pangoni Tham Luang, Thailand, mwaka 2018 waliingia tarehe 23 Juni, na wa mwisho alitolewa Julai 10. Tofauti ya majira ya baridi ni kwamba nafasi ya kukosea ni finyu zaidi, kwa sababu ardhi imeshashiba tangu kabla hujafika.

Kwa hiyo utabiri wa hewa usiusome kwa ajili ya mlangoni mwa pango peke yake. Usome kwa ajili ya milima inayomwaga maji kwenye pango lile, hata kama iko kilomita kadhaa. Angalia pia mvua ya siku mbili tatu zilizopita. Kabla ya kuingia muulize kiongozi: maji ya humu yanatoka wapi, na mvua ikinyesha huko yanachukua muda gani kufika? Kiongozi anayelijua pango atakujibu palepale. Akikujibu "tutaona huko ndani", binafsi ningebaki nje, na wala nisingeona haya. Klabu makini huwa na pango la akiba, la juu na kavu, kwa siku kama hizo. Mkihamishiwa huko dakika ya mwisho, msinune. Mmepata kiongozi mzuri.

Mkishaingia, jifunzeni kusoma kuta. Inua taa utazame juu ya kichwa chako: vijiti, nyasi na majani yaliyonasa kwenye nyufa za dari hayakuletwa na upepo. Yaliletwa na maji, na maji yalifika hapo. Povu lililoganda ukutani ni alama nyingine, hasa likiwa bado bichi. Kila mnapopita sehemu ya juu iliyo kavu, penye tope la zamani lililopasuka na pasipo takataka za mafuriko, iweke akilini. Huko ndiko mtakakokimbilia.

Dalili za maji kupanda ni ndogo mwanzoni. Kijito kilichokuwa safi kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani na povu vinaanza kupita kwa wingi. Sauti ya maji inakuwa nzito, au upepo unavuma kwa ghafla kutoka upande ambao hakukuwa na upepo. Ukiona lolote kati ya hayo, sema kwa sauti, hata kama wewe ndiye mgeni kuliko wote. Kama njia ya kutokea ni ya juu na fupi, tokeni. Kama inapita kwenye tundu la chini lenye maji, msishindane nayo. Pandeni juu ya alama za mafuriko, kaeni pamoja, msubiri. Mafuriko mengi ya pangoni hupungua baada ya saa kadhaa. Watu wengi wametoka wazima kwa sababu walitulia huko juu wakangoja.

Na kungoja ndiko kunakoleta habari ya baridi. Joto la ndani ya pango hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima wa eneo lile. Kwa Uingereza, kwa mfano, ni kama nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Ukitembea mkavu si kitu. Ukilowa na kusimama, ni habari nyingine kabisa. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi viacheni nyumbani: pamba ikilowa inang'ang'ania maji na kukunyonya joto. Vaeni sufu au nguo za nyuzi za viwandani, juu yake ovaroli isiyopitisha maji kirahisi, gambuti, glavu, na kofia nyembamba chini ya helmeti. Kwenye begi kuwe na nguo kavu ya juu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, chakula, na mfuko mkubwa wa plastiki wa kujifunika. Tochi ziwe tatu, kila moja na betri zake.

Baridi haimpigi anayetambaa, inampiga anayesubiri zamu ya kamba. Mgeni ndiye husubiri sana, kisha huona aibu kusema. Tazameni vidole vya mwenzenu: mtu anayehangaika kufungua karabina (kile kipete cha chuma cha kuunganishia kamba) aliyokuwa akiifungua bila kutazama ameshapoa. Akinyamaza ghafla, akijikwaa mahali tambarare, akijibu kwa mkato, msimwache. Mpeni chakula, mvalisheni kitu kikavu, mgeuze mtoke. Mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha bila kupashwa joto si kwamba amezoea. Hali yake imekuwa mbaya. "Nasikia baridi" lisemwe mapema, wakati bado mna nguvu za kurudi.

Jambo dogo kuhusu popo. Wakati huu wengi wamelala usingizi mrefu, na kila wakiamshwa wanatumia mafuta ya mwilini waliyoyaweka hadi majira ya joto. Msiwamulike, msipige soga chini yao, na mapango yaliyofungwa kwa ajili yao yaacheni. Osheni vifaa kabla ya kwenda pango jingine. Ukungu (kuvu) unaosababisha ugonjwa wa pua nyeupe, uliogunduliwa jimbo la New York mwaka 2006, umeua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini, na unaweza kusafiri kwenye tope la viatu.

Mkitoka, upepo wa nje utawapiga mkiwa mmelowa na mmechoka, kwa hiyo nguo kavu ziwe juu kabisa kwenye gari, na zaidi ya mtu mmoja ajue ufunguo uko wapi. Lakini kabla hata ya kubadilisha nguo, mpigieni yule mliyemwachia jina la pango na saa ya kutoka. Mliagana naye kwamba saa hiyo ikipita kimya, awaite waokoaji, na yeye hana namna ya kujua kwamba mko nje mnatafuta soksi.