Jibu: Wikendi ya wawili, Karen au Gigiri?

Ndugu, umeuliza umpeleke mkeo Karen au Gigiri, mitaa hiyo miwili ya Nairobi, kuadhimisha ndoa yenu. Mimi nasema Karen, bila kusita. Hoteli ya Hemingways huko ina vyumba 45 tu, na ukikaa kwenye roshani jioni unaona vilima vya Ngong vikigeuka buluu taratibu. Hapo mtu na mkewe huzungumza yale ambayo nyumbani hayapati nafasi. Giraffe Manor, hoteli ambako twiga huingiza shingo dirishani wakati wa kiamsha kinywa, inapendeza mno ila hujaa mapema sana. Giraffe Centre iko jirani, mwaweza kwenda mchana kuwalisha twiga. Gigiri ni karibu na msitu wa Karura, basi. Ijumaa tokeni mjini kabla ya saa kumi, foleni ya Lang'ata isiwakate hamu.