Mwamba, Kodi ya Nyumba na Mchango wa Matanga

Ukikaa na wapandaji miamba wachanga Hell's Gate, hifadhi iliyo karibu na Naivasha, haichukui muda kabla mmoja wao hajataja Camp 4. Hiyo ni kambi ya Yosemite, California, ambako miaka ya 1950 na 1960 vijana walikaa hemani msimu mzima bila kazi ya kudumu, wakipanda kuta za mawe. Yvon Chouinard alikuwa mmoja wao. Alijifunza uhunzi, akawa anafua misumari ya chuma ya kupigilia kwenye nyufa za mwamba na kuiuza dola moja na nusu kila mmoja kutoka kwenye gari lake. Kuna kipindi alinunua makopo ya chakula cha paka yaliyobonyea, akala hayo kwa sababu yalikuwa bei ya kutupa. Baadaye akawa tajiri kupitia kampuni ya Patagonia, na mwaka 2022 akaitoa kampuni yote kwa ajili ya mazingira.

Hadithi tamu kweli. Mimi huiharibu kwa swali moja tu: karo ya wadogo zake ilikuwa inalipwa na nani?

Siulizi kwa dharau. Nauliza kwa sababu vijana wetu wanaiga hema na makopo, halafu wanasahau kwamba hapa kwetu hakuna mtu anayeishi peke yake. Ukiamua kuishi kwa kidogo bila akiba yoyote, ukawa unalala Naivasha katikati ya wiki na simu imezimwa, siku msiba unapotokea nyumbani mchango wako haufutwi. Unalipwa na dada yako. Huo si uhuru wa pesa. Umemhamishia mtu mwingine mzigo, na mara nyingi mtu huyo anapata mshahara mdogo kuliko ule ulioukataa wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mpandaji anayetaka maisha mepesi ni huu: jamaa waingie kwenye bajeti kabla ya kamba. Mimi nina akaunti ndogo ya matanga, harusi na hospitali, na kila malipo yakiingia naitengea fungu lake kwanza. Likiisha, naambia ukoo limeisha mpaka malipo yajayo. Cha ajabu ni kwamba tangu nianze kutoa kiasi kinachojulikana, tena mapema, maombi ya usiku wa manane yamepungua. Watu wanataka kujua kwamba upo, si lazima utoe zaidi ya wote.

Sasa kuhusu kipato. Wapandaji wengi hudhani ujuzi wao hauna soko nje ya kuwaongoza watalii. Mimi nalipwa kwa kuning'inia. Nasafisha na kukarabati vioo vya majengo marefu, kazi inayofanywa kwa kamba mbili, moja ya kukubeba na nyingine ya usalama. Cheti kinachotambuliwa zaidi ni cha IRATA, chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa kamba, chenye ngazi tatu. Ukimaliza ya kwanza unaandika saa zako kwenye kitabu, na huwezi kufanya mtihani wa ngazi ya pili kabla ya miezi 12 na saa 1,000 za kazi. Cheti chenyewe hudumu miaka mitatu, kisha unapimwa upya. Mafunzo si rahisi kulipia, na kujua kupanda mwamba hakukupi punguzo la mtihani. Kuna tabia za mwambani ambazo mkufunzi atakufanya uziache siku ya kwanza. Lakini malipo ya siku yanapita kwa mbali yale ya kibarua cha kawaida, na kazi huja kwa mikataba. Mkataba ukiisha, uko huru. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko pesa yenyewe.

Kwenye matumizi, watu hupoteza nguvu kwa vitu vidogo. Wanahesabu mandazi. Gharama inayomfunga mtu wa Nairobi ni kodi ya nyumba, ikifuatwa na nauli. Nilihama mjini nikachukua bedsita Athi River, na hatua hiyo moja ilifanya zaidi ya kila kitu kingine nilichowahi kujinyima. Kodi ilishuka, na miamba ya Lukenya ikawa safari ya boda boda. Zamani Jumamosi ilikuwa matatu, foleni ya barabara ya Mombasa na chakula cha hotelini; siku hizi napanda asubuhi na githeri yangu kwenye mkebe, saa saba mchana niko nyumbani nafua nguo. Ukitaka kuishi kwa kidogo, sogea karibu na jiwe lako. Hayo mengine yatajipanga.

Jaketi zangu zote za baridi ni mtumba wa Gikomba, na sioni kwa nini mtu anunue jipya. Mabegi pia, majiko pia. Ila kamba, hanesi na helmeti usinunue mtumba, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Nailoni huharibiwa na jua na kemikali bila kuonyesha dalili; kamba iliyowahi kukaa karibu na betri ya gari inaweza kuonekana mpya kabisa. Watengenezaji wengi husema kamba istaafishwe baada ya miaka kumi hata kama haijawahi kutumika, na ukiitumia kila wiki hesabu ni kama mwaka mmoja hivi. Njia ya kupunguza gharama ni chama. Sisi tunachanga kila mwezi kununua kamba na kemu, vile vifaa vya chuma vinavyotanuka na kujibana ndani ya ufa, maana nyufa za Hell's Gate zinakula kemu nyingi kuliko uwezo wa mfuko mmoja. Kuna daftari la kuandika nani alitumia nini, na kama kuna aliyeanguka vibaya juu ya kamba. Anayeficha anatolewa. Sheria hiyo haina huruma, na ni sawa isiwe nayo.

Pesa inayobaki inakaa wapi? Ya dharura iko kwenye mfuko wa soko la fedha, ambako riba huhesabiwa kila siku na unaipata ndani ya siku chache ukiihitaji. Nyingine iko SACCO. Wengi huipenda SACCO kwa mkopo wa mara tatu ya akiba. Mimi naipenda kwa sababu amana zake hazitoki kirahisi mpaka ujitoe uanachama, kwa hiyo hazinijaribu. Tatizo la SACCO ni udhamini. Kumdhamini mtu mkopo ni kama kumshikia kamba: akianguka, uzito wote unakuja kwako. Basi mdhamini yule tu ambaye ungekubali akushikie wewe. Kwangu ni watu wawili.

Hati fungani za serikali nazinunua polepole. Tangu mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu uanze mwaka 2023 unaweza kufungua akaunti kwa simu, na hati nyingi za muda mrefu zinaanzia shilingi 50,000. Hapa nina onyo. Februari 2024 hati ya miundombinu ilitoka na riba ya zaidi ya asilimia 18, na nikaona vijana wakipiga hesabu za kustaafu wakiwa na miaka thelathini na tano. Katikati ya mwaka huo, hati za serikali za muda mfupi, za siku 91, zililipa karibu asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimeteremka hadi asilimia 8 na kitu. Ukipanga maisha kwa riba ya mwaka mzuri, ule mbaya utakurudisha kwenye vioo.

Ndiyo maana sipendi kanuni ya mara 25 inavyohubiriwa. Inasema: chukua matumizi yako ya mwaka, zidisha kwa 25, ukifikisha hapo acha kazi na uwe unatoa asilimia 4. Anayetumia shilingi 45,000 kwa mwezi anahitaji 13,500,000. Chimbuko lake ni utafiti wa William Bengen wa mwaka 1994, uliotumia historia ya hisa na hati za Marekani na kustaafu kwa miaka 30. Bei zetu hazipandi kwa mwendo wa kule. Mpandaji wa miaka 32 ana miaka mingi zaidi ya 30 ya kula, na pia ana ukoo. Itumie kujua uko umbali gani, basi.

Lengo langu ni dogo zaidi: kuweza kukataa kazi Januari na Februari. Mlima Kenya uko kwenye ikweta, kwa hiyo jua linahama upande. Njia ya kawaida ya kilele cha Nelion, mita 5,188, ile waliyoifungua Eric Shipton na Wyn Harris mwaka 1929, iko upande wa kusini-mashariki na hukauka kati ya Desemba na Machi. Uso wa kaskazini wa kilele cha Batian, mita 5,199, unasubiri Juni mpaka Oktoba hivi. Mtu mwenye likizo ya mwajiri anapewa siku zake Aprili, kunanyesha. Shida ni kwamba mlima unakauka Njaanuari, wakati mifuko ya Wakenya wote imekauka pia. Kwa hiyo mimi nafanya kazi kama punda kuanzia Septemba, kwa kuwa wenye majengo wanataka vioo ving'ae kabla ya Krismasi, na karo ya mtoto wa kaka yangu naimaliza mwezi wa kumi na moja. Januari simu ikilia, naipokea kwa amani.

Halafu bima, ambayo watu wa maisha mepesi huiacha ya mwisho. Lipa SHA, bima ya afya ya serikali, hata kama huna mwajiri. Kwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukinunua bima ya ajali, usisome kurasa za mbele. Nenda kwenye orodha ya wasiyolipia. Mara nyingi utakuta humo kupanda milima au miamba kwa kamba, na wakala atakuwa hajui. Mwombe akuandikie jibu, usikubali la mdomo. AMREF Flying Doctors nao huuza uanachama wa mwaka wa kusafirishwa kwa ndege ukiumia. Soma masharti yake vilevile kabla ya kulipa.

Na wanaoniuliza kama waache kazi kwanza ndipo wajifunze kazi ya kamba: hapana. Chukua likizo, lipia ngazi ya kwanza, tafuta vibarua vya wikendi, ujue kama unaweza kuning'inia kwa muda wa saa nane juu ya barabara huku upepo ukikusukuma kwenye kioo. Wapandaji wazuri niliowaona wakichukia kazi hii ni wengi.